Springi za Bapa na Fundi Anayezikunja

Springi za bapa siku hizi zinauzwa kwa kilo. Pikapu ya mizigo ikishapata tajiri mpya mwenye kupenda gari la kuvutia macho, kinachotolewa kwanza nyuma ni yale mafungu mawili ya chuma yaliyolala chini ya chasisi. Mahali pake hufungwa koilova, yaani shokapu iliyovishwa springi ya koili, yenye nati ya kupandishia na kushushia gari. Ukiuliza sababu utaambiwa kwamba bapa ni mambo ya mkokoteni, kwamba zinarusha abiria, kwamba magari ya kisasa yalishaachana nazo. Nadhani swali lenyewe huulizwa kombo. Springi ya nyuma huchaguliwa kwa kuangalia mambo mawili: gari linabeba nini, na likiharibika ni nani atakayelitengeneza. Kwa gari la mzigo kwenye barabara zetu yote mawili yanaelekea kwenye bapa. Na kila fungu linalokwenda kwenye mizani ya chuma chakavu linapunguza kazi ya fundi springi, mtu ambaye gereji nyingi zimekwisha kumsahau.

Tuanze na kazi ya springi, maana wengi hudhani springi ni springi. Fungu la bapa nyuma ya pikapu lina kazi tatu kwa mpigo. Linabeba mzigo. Linaishika ekseli isiende mbele, nyuma wala pembeni, kwa kuwa jicho lake la mbele limefungwa kwenye chasisi kwa pini na bushi, na la nyuma limening'inizwa kwenye shako, ambayo huliacha fungu lirefuke linapolazwa na uzito. Tena mabapa yenyewe, yanaposuguana, hupunguza mtikisiko kabla hata shokapu haijashtuka. Koili haina habari na hizo kazi mbili za mwisho. Inajua kupanda na kushuka tu. Ukiiacha peke yake, ekseli na difu lake vitakwenda vinakotaka. Ndiyo maana gari la koili nyuma lazima liwe na mikono ya kuivuta ekseli na, mara nyingi, fimbo ya kuizuia isihame pembeni, kila mkono na bushi zake mbili, kila bushi na siku yake ya kuchakaa. Anayenunua koilova mbili dukani akadhani amemaliza habari ya springi za nyuma amenunua nusu ya kazi.

Liko pia jambo jingine ambalo wauzaji hawalitangazi. Kwenye gari la bapa, uzito wa nyuma huingia kwenye chasisi sehemu nne, mbili kila upande, na kati ya sehemu moja na nyingine kuna nafasi inayozidi mita moja. Shokapu ya gari hilo imeshikiliwa na bano jembamba, kwa sababu kazi yake ni kutuliza mtikisiko; haikupangiwa kubeba gunia hata moja. Sasa bandika koilova mahali pa shokapu ile. Uzito wote unahamia kwenye bolti moja na bano lile lile. Kwenye lami, na nyuma patupu, litavumilia. Lipeleke kwenye barabara ya makorongo likiwa na magunia kumi ya kilo 100, bano litaanza kupasuka palepale lilipochomelewa, na ufa ukipata nafasi utaingia kwenye chasisi yenyewe. Fundi makini anayefunga koilova hujenga kwanza daraja la chuma kutoka upande mmoja wa chasisi hadi wa pili, akafunga na mikono ya ekseli kwa vipimo. Huyo ni wa kuheshimiwa. Lakini bei ya kazi yake mara nyingi haimo kwenye tangazo la koilova, na wengi huikwepa.

Mtazame sasa fundi springi aliyeletewa fungu lililolala. Hagusi nyundo kwanza. Anapitisha uzi kutoka jicho hadi jicho, anapima kimo cha upinde katikati, halafu anapima la upande wa pili, kwa kuwa gari linaloinama upande mmoja mara nyingi huwa na fungu moja lililochoka kuliko mwenziwe. Analibana kwenye jiriwa na kufungua senta bolti taratibu, maana mabapa yaliyobanwa miaka huachana kwa nguvu, na vidole havina spea. Yakishaachana, kila moja linaonyesha upinde wake wa asili. Anayapanga chini kwa urefu, anayasugua kwa brashi ya waya, anayageuzageuza kwenye mwanga. Anajua ufa unapopenda kuanzia: kwenye tundu la senta bolti, na pale ncha ya bapa fupi inapolisugua bapa refu lililo juu yake. Lenye shaka analining'iniza na kuligonga. Lililo zima hulia kwa muda, lenye ufa hutoa mlio mfu kama chungu kilichopasuka. Kisha ndipo anapolilaza juu ya kingo mbili za fuawe na kulipiga upande wa ndani wa upinde, likiwa baridi, pigo kando ya pigo, akilisogeza upana wa vidole viwili kila mara, hadi mstari wa alama za nyundo umeenea kutoka kati kwenda kwenye ncha. Hapigi kwa hasira. Pigo moja zito mahali pamoja huacha kona, na kona ndipo bapa litakapokatikia.

Moto nao unatumika, ila una masharti. Chuma cha springi kina kaboni ya asilimia 0.6 hivi, na mara nyingi kromu kidogo, na ukakamavu wake hautokani na mchanganyiko huo peke yake. Kimechomwa hadi kuiva, kikazamishwa kwenye oili kikawa kigumu cha kuvunjika, kisha kikapashwa tena kwa joto la chini ili kirudishe uwezo wa kupinda na kurudi. Anayekipasha kwa gesi hadi kiwe chekundu, akakikunja na kukiacha kipoe chenyewe kwenye upepo, amefuta kazi yote hiyo kwa dakika chache. Springi itaondoka gereji imesimama vizuri, na baada ya safari chache za mzigo itakuwa imelala tena. Mteja atalaumu bapa. Wa kulaumiwa ni aliyeshika gesi.

Palipo na akili kubwa zaidi ni kwenye jambo ambalo mpita njia hawezi kuliona. Mabapa mafupi hukunjwa zaidi kidogo kuliko yaliyo juu yake, hivi kwamba ukiyaweka pamoja bila kuyabana unaona mwanga katikati, kati ya bapa na bapa. Senta bolti ikikazwa, mwanga unapotea, na bapa kuu linakuwa limevutwa upande wa pili kabla ya kubeba chochote. Kwa hiyo mzigo unapokuja, bapa kuu, ambalo ndilo lenye macho na ndilo linaloishika ekseli, linaanza kazi likiwa na nafuu kuliko wenzake. Mwanga huo ukizidi, mabapa mafupi yatavunjika. Ukipungua, litavunjika bapa kuu. Fundi anaupima kwa jicho. Anajua pia kwamba unene ni jambo la hatari: ugumu wa bapa hukua kwa kipeo cha tatu cha unene wake, kwa hiyo bapa la milimita 9 ni gumu kuliko la milimita 8 kwa zaidi ya asilimia 40, ingawa mkononi huoni tofauti. Aliyebeba nyanya na aliyebeba saruji hawastahili fungu moja. Wa kwanza anahitaji mabapa mengi membamba, wa pili machache manene, na kuna anayebeba saruji kwenda na abiria kurudi, ambaye hufungiwa bapa nene la akiba chini kabisa, lisilogusa kazi mpaka uzito uongezeke. Hiyo ni springi iliyoshonwa kwa kipimo cha mwenyewe.

Tena tusilipite bapa la pili bila kulisifu. Kwenye mafungu mengi ya magari ya mzigo, ncha zake hupindishwa zikalizunguka jicho la bapa kuu bila kulibana. Siku zote halina kazi pale. Siku bapa kuu linapokatika karibu na jicho, usiku, kwenye mteremko, lile la pili linaikamata pini na ekseli inabaki mahali pake. Dereva husikia mlio, gari linainama, anasimama pembeni na kutukana. Yuko hai ndiyo maana anatukana. Sijui kifaa kingine chini ya gari kilichobuniwa kwa kuwaza namna hiyo, kwamba chuma hiki siku moja kitakatika, basi jirani yake awe tayari. Koili ikikatika au bolti ya koilova ikichomoka, hakuna jirani.

Hoja ya kwanza ya kupinga ni ya wakati. Ni kweli kwamba bapa zilibeba magari ya farasi kabla ya injini, na Ford ya Model T ya mwaka 1908 ilikuwa na bapa moja la kukingama mbele na jingine nyuma. Ni kweli pia kwamba walioziacha ni wengi na si wajinga: Range Rover ilitoka na koili mwaka 1970, Land Rover ikafuata na One Ten mwaka 1983, Land Cruiser ya mfululizo wa 80 ikaja na koili pande zote mwaka 1990. Lakini umri haujawahi kuwa sababu. Chevrolet Corvette, gari la mbio la Wamarekani, ilifungwa bapa la kukingama nyuma kuanzia modeli ya 1963 hadi ile iliyoishia mwaka 2019; mwaka 1981 waliacha hata chuma wakatumia bapa moja la nyuzi za kioo, lenye uzito usiofika robo ya lile la chuma, na gari likaendelea kushindana na magari ya koili ya Ulaya kwa miongo mingi. Volvo nayo ilirudi kwenye bapa la kukingama nyuma ya XC90 iliyotoka mwaka 2015, gari la kifahari la familia. Na upande wa kazi, Land Cruiser ya mfululizo wa 70, ile inayobeba chanjo, watalii na askari kote Afrika Mashariki, ilibadilishwa mbele ikapewa koili mwaka 1999. Nyuma wakaacha bapa. Hawakusahau. Mbele pana injini, uzito usiobadilika, na usukani unaotaka ulaini. Nyuma pana mzigo ambao leo ni tani nzima na kesho ni gurudumu la akiba tu.

Hoja ya pili ina uzito zaidi: ulaini. Pikapu tupu ya bapa inaruka kwenye matuta, na hakuna sifa ya ufundi itakayomtuliza abiria aliyekaa nyuma kutoka Dodoma hadi Singida. Nakubali. Nakubali pia kwamba koili inaweza kubeba mzigo ikipangwa vizuri. Peugeot 504 ya wagoni, iliyosafirisha watu na vifurushi Kenya nzima kwa miaka mingi, nyuma ilikuwa na ekseli ya moja kwa moja na koili mbili kila upande, na hakuna aliyeipanda akaisema kwa ugumu. Lakini lile lilibuniwa hivyo tangu kwenye karatasi, na chasisi, mikono na vishikizo vyake. Kutoka hapo kwenda kwenye Hilux iliyokatwa mabano na kuwekwa koilova ni mbali sana. Zaidi ya hayo, ulalamishi mwingi juu ya bapa ni ulalamishi juu ya uchafu. Fungu lenye kutu kati ya mabapa, bushi zilizokauka na shako iliyoshikana kwa matope halipindi kabisa. Gari linakanyaga tuta na tuta linampanda dereva mgongoni. Fungua, sugua, paka grisi ya grafaiti, badilisha bushi, toa bapa moja kama mzigo wako umepungua. Nusu ya wanaokimbilia koilova wangeshangaa.

Ya tatu ni ya wapenda mwendo. Injini yenye nguvu ikisukuma kwa ghafla, ekseli hutaka kujizungusha na bapa hupinda kama herufi S, gurudumu likaanza kudundadunda. Kweli tupu. Waliokuwa wakishindana kwa magari ya Chrysler walijua kuliweka fungu ili sehemu ya mbele ya ekseli iwe fupi na ngumu, ya nyuma iwe ndefu na laini, na wakapata nafuu kubwa. Lakini nafuu ina kikomo. Kwa gari la mashindano, ambalo fundi wake anataka kupima uzito wa kila gurudumu na kurekebisha kimo kwa mzunguko mmoja wa nati, koilova ndiyo chaguo sahihi na sioni haja ya kubishana. Waya wake unadai umakini kupita bapa: ugumu wa koili hukua kwa kipeo cha nne cha unene wa waya, waya ukiongezeka asilimia 10 ugumu unapanda karibu nusu. Huo nao ni ufundi, wa heshima. Tatizo ni kwamba ufundi huo wote umebaki kiwandani. Aliyezungusha waya na kujaza gesi kwenye shokapu hatukutani naye kamwe. Huku kwetu kazi iliyobaki ni kufunga na kufungua, na sili ikivuja, ni kununua nyingine na kusubiri ifike.

Hapo ndipo penye uchungu. Kuacha bapa kungeeleweka kama tungekuwa tunahamia kwenye umakini mkubwa zaidi, lakini mara nyingi tunahama na uzembe wetu. Kijana anayetaka gari liiname anakata mizunguko miwili ya koili kwa grainda, bila kujua kwamba koili iliyofupishwa inakuwa ngumu zaidi na mwisho wake uliokatwa haukai vizuri kwenye sahani yake. Kwenye bapa hatuna usafi wa kujivunia pia. Bapa lililokatika linachomelewa kwa umeme na kurudishwa barabarani, ingawa chuma cha springi kikichomelewa hugeuka kuwa cha kuvunjika pembeni mwa mshono, na kitakatika tena sentimita moja kutoka pale. Tajiri wa lori anaongeza bapa tatu nene akidhani ameongeza uwezo wa gari. Ekseli, breki na matairi ni yaleyale, na sheria ya Jumuiya ya Afrika Mashariki ya udhibiti wa uzito ya mwaka 2016 inairuhusu ekseli moja ya matairi manne tani 10 tu, springi ziwe ngapi ziwe. Fundi springi wa kweli hulikataa ombi hilo. Siku hizi anayekataa hupoteza mteja, na wa jirani hufunga bila kuuliza.

Ufundi huu haukuanza na magari. Kabla ya hapo palikuwa na wahunzi walioyeyusha chuma Buhaya na Ufipa, na mafundi wa reli kutoka India walioletwa kujenga njia ya Mombasa hadi Ziwa Viktoria kati ya 1896 na 1901. Hata mwisho wa springi haukuwa wa bure: bapa lililochoka kabisa lilienda kwa mhunzi likatoka panga, jembe, patasi, sime la Mmasai. Wahunzi wa Kamukunji, Nairobi, hawana haja ya kusoma jina la chuma kwenye karatasi; wakilishika bapa wanajua litashika makali. Kinachokatika sasa ni kiungo cha katikati, mtu wa kulikunja bapa likiwa bado la gari. Kazi yake ni nzito, inachafua, malipo yake madogo, na kijana anayejifunza umekanika huona fahari zaidi kwenye kompyuta ya kusoma hitilafu za injini. Simlaumu. Lakini vyuo vya ufundi vinavyofundisha breki na usukani vingeweza kutenga wiki chache kwa fuawe, uzi na tanuru la oili, kwa sababu malori na pikapu za bapa bado zitatembea kwenye barabara zetu kwa miaka mingi.

Basi mwenye pikapu ya mzigo asivunje bano lolote kabla hajazifungua springi zake. Azipeleke kwa fundi mwenye fuawe, aombe kila bapa lisuguliwe na kutazamwa ufa, na aeleze kwa ukweli anabeba kilo ngapi na anapita njia gani. Akiambiwa fungu linataka bapa moja jipya, bushi na senta bolti, alipe kazi hiyo kwa bei yake bila kuomba punguzo, na amsihi fundi amwite mwanafunzi wake asimame karibu wakati linafungwa.